Kazi ya Kuhesabu Nyumbu

Katika safu yetu ya juma hili tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya kazi ambayo majumbani mwetu haina jina zuri. Mtoto akimaliza kidato cha sita na kusema kwamba anataka kuwa daktari, mhandisi au mhasibu, nyumba nzima hufurahi, kwani kazi hizo tunazijua. Akisema kwamba anataka kusomea baiolojia ya wanyamapori, baba hukaa kimya, mama huuliza kama matokeo yake hayakumfikisha kwingine, na mjomba, ambaye kila ukoo unaye mmoja wa aina yake, huuliza kwa sauti: mtu asomeshwe miaka yote hiyo ili akahesabu nyumbu porini?

Swali la mjomba ni la haki, nasi hatuoni sababu ya kulikwepa. Kuna watu ambao kazi yao, kwa miaka zaidi ya sitini sasa, imekuwa ndiyo hiyo hasa ya kuhesabu nyumbu. Wamehesabu katika mbuga za Serengeti, mmoja akastaafu na mwingine akashika nafasi yake, na hesabu ikaendelea. Tuitazame basi kazi yenyewe imezaa nini, ili mzazi atakapokubali au kukataa, awe anajua anachokikubali au anachokikataa.

Inatupasa tuanze nyuma kidogo, kwa ugonjwa ambao wazee wetu waliuita sotoka. Uliingia Afrika kupitia pembe ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na ndani ya miaka michache ukashuka hadi kusini mwa bara. Inakadiriwa kwamba katika nchi nyingi uliua zaidi ya ng'ombe tisa katika kila kumi. Wafugaji waliokuwa matajiri asubuhi wakawa mafukara jioni. Mwaka 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na kuandika habari za Wamasai aliowakuta huko wakiwa wamekonda kwa njaa, wanawake na watoto wakiomba chakula. Sotoka haikuishia kwa ng'ombe. Iliwaua nyati, nyumbu na twiga, kwani wote ni wanyama wa kwato ambao ugonjwa huo uliwapata sawasawa na mifugo.

Baada ya pigo la kwanza sotoka haikuondoka. Ilibaki ikifuka chini kwa chini kama moto wa pumba, na kila baada ya miaka michache ikawazukia ndama wa nyumbu waliotimiza kiasi cha mwaka mmoja. Vizazi viwili vya watu vilizaliwa na kukua vikiiona Serengeti katika hali hiyo, vikadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwake. Hapa ndipo tunapoanza kuuona uzito wa jambo tunalolisema. Mtu akiingia ndani ya chumba na kumkuta mgonjwa aliyelala miaka sitini, naye hakupata kumwona akiwa mzima, atajuaje kwamba huyo ni mgonjwa?

Hesabu ya kwanza ya kutoka angani iliyojulikana sana ilifanywa na baba na mwana, Wajerumani wawili. Bernhard Grzimek alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe aliitwa Michael. Walikuja na ndege yao ndogo iliyopakwa rangi ya milia kama pundamilia, wakaruka juu ya mbuga mwaka 1958 wakihesabu. Nyumbu waliowapata hawakufika 100,000, ingawa hawakuyapitia maeneo yote. Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi angani, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Baba yake alimfuata mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa pembeni ya kaburi la mwanawe. Mwaka 1961 ilifanywa hesabu nyingine iliyoenea eneo zima la Serengeti na Mara, na nyumbu wakapatikana kiasi cha 260,000.

Pengine msomaji atauliza jinsi mtu anavyoweza kuhesabu wanyama ambao hawatulii. Jibu lake si gumu kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria sala ya Idi katika uwanja mkubwa. Ukitaka kujua wamehudhuria watu wangapi hutamhesabu kila mmoja. Utahesabu safu, kisha utachagua safu chache huku na huko na kuhesabu waliomo, kisha utazidisha. Watafiti hufanya vivyo hivyo. Majira ya mvua, nyumbu wanapokuwa wametapakaa kwenye nyanda za wazi za kusini ambako hakuna miti ya kuwaficha, ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, na kamera iliyofungwa chini ya ndege hupiga picha kila baada ya muda uliopangwa. Kisha mtu hukaa mezani na kioo cha kukuzia, akawahesabu wanyama katika picha moja baada ya nyingine, siku baada ya siku, hadi macho yanamwasha. Hakuna ushujaa wowote katika kazi ile ya mezani, na aghalabu sinema za wanyama tunazowaonyesha watoto wetu haziionyeshi.

Basi hesabu ile ya 1961 ilipofuatiwa na nyingine, na nyingine tena, watu walistaajabu. Nyumbu walikuwa wakiongezeka mfululizo. Ilipofika 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka. Pundamilia hawakuongezeka kwa namna ile. Lau nyasi zingekuwa zimestawi tu, au majangili wangekuwa wamepungua tu, ingetarajiwa kwamba wanyama wote wala majani wangenufaika. Kwa nini basi nyumbu na nyati waongezeke, na pundamilia wabaki palepale?

Aliyelishughulikia swali hilo ni Anthony Sinclair, Mwingereza aliyekulia Tanganyika, ambaye alifika Serengeti mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, na baadaye akawa profesa nchini Kanada huku akirudi Serengeti mwaka baada ya mwaka kwa takriban nusu karne. Jibu lilikuwa ndani ya damu. Nyumbu na nyati waliozaliwa zamani walikuwa na alama za kinga mwilini zinazoonyesha kwamba waliwahi kuambukizwa sotoka. Waliozaliwa baada ya miaka ya mwanzo ya 1960 hawakuwa nazo. Ugonjwa ulikuwa umekoma. Pundamilia, ambaye ni wa jamii ya farasi na si wa jamii ya ng'ombe, hakuwa akiugua sotoka hata kabla, na kwa hiyo kukoma kwake hakukumwongezea kitu.

Nani alikuwa amewachanja nyumbu? Hakuna mtu aliyewachanja. Waliochanjwa walikuwa ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka mbuga, kwa jitihada za maofisa wa mifugo, na baadaye kwa chanjo bora iliyotengenezwa na daktari wa mifugo, Walter Plowright, katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi. Kabla ya hapo wafugaji na serikali waliwashuku wanyama wa porini kwamba ndio wanaoutunza ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Kumbe ilikuwa kinyume chake. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu, na ng'ombe walipopona, nyumbu nao wakapona bila ya kuguswa na sindano. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa na wanadamu baada ya ndui, na hadi leo hakuna wa tatu. Mfugaji wa Loliondo, wa Pwani au wa Juba anayelala bila ya hofu ya sotoka yumo katika faida ya kazi ile.

Habari haikuishia hapo. Nyumbu zaidi ya milioni moja wakila nyasi, nyasi huwa fupi. Nyasi zikiwa fupi, moto wa kiangazi hukosa cha kuunguza, na kama hakuna moto, miche ya miti huponea na kukua. Sinclair na wenzake walikuwa wakisimama mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, wakipiga picha ya mandhari ileile na kuilinganisha na picha za zamani. Palipokuwa na nyasi tupu pakawa na vichaka, na penye vichaka pakawa na pori. Miti ilipoongezeka, hata udongo na hewa ya eneo lile vilipata mabadiliko. Yote hayo yalianzia kwenye sindano iliyochomwa shingoni mwa ng'ombe wa kijijini. Mtu aliyefika Serengeti mwaka 1985 na kukaa miaka mitatu angeiona miti ile na kuandika kitabu kizima juu ya miti, wala asingepata kujua kwamba sababu yake ilikuwa chanjo ya miaka ishirini nyuma.

Twende sasa kwa Mtanzania, kwani kijana wetu atataka kujua kama kazi hii ina nafasi kwa watu wa kwao. Simon Mduma, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, alijiuliza kwa nini nyumbu waliacha kuongezeka baada ya 1977. Wengi wetu tungejibu papo hapo kwamba ni simba na fisi. Mduma hakuridhika na jibu la papo hapo. Kazi yake ilikuwa kuitafuta mizoga, kuvunja mfupa na kutazama uloto. Mama yeyote aliyewahi kupika supu ya mifupa anajua uloto wa mnyama aliyenona ulivyo: mweupe, mzito, wenye mafuta. Mnyama akishinda na njaa, mwili hutumia kwanza mafuta ya chini ya ngozi, kisha ya tumboni, na mwisho kabisa yale ya ndani ya mfupa, hadi uloto unakuwa kama ute unaopitisha mwanga. Basi hata kama simba ndiye aliyemwangusha nyumbu, uloto husema kama alikuwa na siku nyingine za kuishi au la.

Alichokipata, akiunganisha kazi yake na kumbukumbu za miaka arobaini zilizoachwa na waliomtangulia, ni kwamba kiasi cha robo tatu ya vifo vile vilitokana na uhaba wa lishe. Mchungaji mkuu wa nyumbu ni nyasi za kiangazi, nazo hutegemea mvua chache zinazonyesha katika miezi ya ukame. Mwaka 1993 ukame ulipopiga sana, nyumbu walishuka hadi chini ya milioni moja. Jambo hili si la udadisi wa wasomi peke yao. Miezi ya kiangazi nyumbu huishi kaskazini, ambako Mto Mara ndio wenye maji yasiyokauka. Ukijua kwamba uhai wao unashikiliwa na miezi hiyo na maji hayo, utajua nini kitatokea mto ukipungua au njia yao ikifungwa. Mwaka 2010 ulipotolewa mpango wa kupitisha barabara kuu upande wa kaskazini mwa hifadhi, hoja za wataalamu zilisimama juu ya kumbukumbu hizi, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha iliamua dhidi ya barabara ya lami kupita hapo. Tunakiri kwamba watu wa vijiji vya upande ule wana haki ya kupata barabara kama sisi wa mijini, na wala hatupendi kuwasikia wale wanaowazungumzia kana kwamba hawapo. Lakini ni heri mabishano ya namna hiyo yakafanywa mbele ya hesabu za kweli kuliko yakafanywa mbele ya dhana.

Kuna kisa kingine cha Serengeti ambacho kwa maoni yetu kinafundisha zaidi ya hiki cha nyumbu, nacho ni cha simba.

Mwaka 1966 Mmarekani George Schaller alianza kuwafuatilia simba wa Serengeti mmoja mmoja. Baada yake walikuja wengine, na kuanzia 1978 kazi hiyo iliongozwa kwa miongo mingi na Craig Packer. Kila simba alikuwa na kadi yake. Walimtambua kwa madoadoa yaliyo kwenye mashina ya masharubu yake, ambayo hayafanani kwa simba wawili, kama vile alama za vidole zisivyofanana kwa watu wawili. Iliandikwa nani kamzaa nani, nani kahama, nani kafa. Na kila walipopata nafasi ya kumlaza simba kwa dawa walichukua damu kidogo, wakaitia katika kichupa, wakaigandisha na kuihifadhi. Wakati huo damu ile ilikuwa na matumizi machache tu. Nyingine ilikaa kwenye baridi miaka na miaka pasipo mtu kuiulizia.

Mapema mwaka 1994 walionekana simba wakitetemeka, wakianguka na kupatwa na degedege. Mwaka huo ulipokwisha, kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani takriban 1,000, walikuwa wamekufa. Uchunguzi ulionyesha kirusi cha ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa, na vidole vyote vikaelekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Jibu lilikuwa tayari, nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mbwa wakaanza kuchanjwa.

Laiti habari ingeishia hapo ingekuwa fupi na safi. Lakini vile vichupa vya damu vilikuwepo. Watafiti walipovirudia na kuvipima, walikuta kwamba simba walikuwa wameambukizwa kirusi kilekile mara kadhaa katika miaka ya nyuma, na hawakufa. Hakuna aliyekuwa ametambua kwamba kuna ugonjwa uliopita. Kwa nini basi waliangamia mwaka 1994? Jibu lilichapishwa mwaka 2008, miaka 14 baada ya vifo. Ule ukame wa 1993, uliowaua nyumbu, uliwadhoofisha nyati pia na kuwajaza kupe. Simba walijilia nyati dhaifu kwa wingi, na pamoja na nyama wakapata kupe na vijidudu vya damu wanavyovibeba. Kirusi cha mbwa kilipowajia katika hali hiyo kiliivunja kinga yao, vijidudu vile vikapata mwanya wa kuzaliana bila ya kizuizi, na magonjwa mawili yakasaidiana kuua ambapo moja peke yake halikuua. Mwaka 2001 mambo ya namna hiyo yalitokea tena, safari hii Ngorongoro.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu maalumu. Aliyechukua damu ile miaka ya 1980 hakujua anamchukulia nani. Hakuwa na swali la 1994, kwani 1994 ilikuwa haijafika. Alifanya kazi yake vizuri, akaandika tarehe na jina la simba juu ya kichupa, akafunga mlango wa jokofu. Lau angesema kwamba damu hii haina faida, aimwage, leo tungekuwa bado tunaamini jibu la nusu.

Na mbwa je? Chanjo ile ya mbwa wa vijijini iliambatana na chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapo elimu ya wanyamapori iliingia moja kwa moja katika nyumba za watu. Wilayani Serengeti, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wakishirikiana na maofisa wa afya na mifugo wamekuwa wakifuatilia kila aliyeng'atwa. Huuliza ni mbwa gani, alitoka wapi, naye aling'atwa na yupi, hadi wakaweza kuuchora ugonjwa jinsi unavyotembea kutoka mbwa hadi mbwa. Ndivyo ilivyoonekana kwamba wakichanjwa mbwa kiasi cha saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita. Utaratibu huohuo wa kufuatilia ulipelekwa Pemba. Huko kichaa cha mbwa kilikoma mwaka 2014, kikaingizwa tena mwaka 2016, na kwa kuwa watu walikuwa macho na kumbukumbu zao zilikuwepo, kilikomeshwa kwa mara ya pili mwaka 2018. Baadhi ya wasomaji watasema kwamba wao hawafugi mbwa. Mbwa anayezurura hajui nani anafuga na nani hafugi, na njia ya kwenda madrasa ni moja kwa watoto wote. Maadamu tumeligusa jambo hili, tukumbushane kwamba mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo, kwani dalili zikishaanza tiba huwa imekwisha kushindwa.

Sasa turudi kwa mzazi. Hatutampamba mambo. Kazi hii ina taabu zake, nazo ni za kweli. Fedha za utafiti aghalabu hutolewa kwa miaka miwili au mitatu, na mtoaji hutaka matokeo kabla ya muda huo kwisha, ilhali jambo lenyewe linahitaji miaka thelathini ili lionekane. Mtafiti mzuri hutumia sehemu kubwa ya umri wake akiandika barua za kuomba ili hesabu isikatike mwaka mmoja, kwa kuwa pengo la mwaka mmoja halizibiki tena. Hukaa mbali na nyumbani kwa miezi. Mke au mume hulea peke yake. Vijana huingia wakiwa na picha ya simba akilini mwao, kisha wakakuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ni takwimu, na wale waliolikimbia somo la hisabati hujuta.

Tuna neno moja pia kwa wakubwa wa fani yenyewe. Tukisoma historia ya utafiti wa Serengeti tunakutana na majina ya Wajerumani, Waingereza na Wamarekani, nao wanastahiki heshima yao, kwani wengine walitoa umri wao wote. Lakini ndege haikujiongoza, gari halikujiendesha, na mzoga haukujitokeza barabarani. Kulikuwa na madereva, askari wa hifadhi na watu wa vijiji waliozijua nyayo kabla ya profesa kuwasili, na majina yao ni machache sana vitabuni. Hali imeanza kubadilika, na Mduma ni mfano wake. Itabadilika zaidi iwapo watoto wa hapa wataingia, na hawataingia iwapo kila mjomba atacheka.

Milango ipo. Chuo cha Mweka chini ya Mlima Kilimanjaro kimekuwa kikifundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina fani hiyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha baiolojia na ikolojia. Kijana asiyechoka upesi, anayeandika mambo yake kwa utaratibu na anayeweza kurudia jambo moja mara mia bila ya kulifanyia ujanja, huyo ana sifa iliyo adimu kuliko alama za juu. Wazazi wanamjua mtoto wao tangu akiwa mdogo kama ni wa namna hiyo au la. Binti naye asizuiwe kwa kudhaniwa kwamba kazi yote ni ya porini. Kazi ya maabara, ya takwimu na ya ufuatiliaji wa magonjwa vijijini inawahitaji mno wanawake, kwani akina mama ndio wanaojua ni mtoto yupi wa jirani aliyeng'atwa.

Na kwa yule atakayeingia, swali la kuanzia analo tayari. Kwa miaka mingi tumezoea kusoma kwamba nyumbu wa Serengeti ni milioni 1.3 au zaidi. Mwaka 2025 lilichapishwa tokeo la hesabu ya namna mpya, ambapo picha zilipigwa na setilaiti katika kiangazi cha 2022 na cha 2023, na kompyuta zilizofundishwa kuwatambua nyumbu zikawahesabu mmoja mmoja. Zilipata nyumbu wasiofika 600,000. Waliofanya kazi hiyo wenyewe wametahadharisha kwamba idadi hiyo haimaanishi lazima kwamba nyumbu wamekufa, kwani huenda wengine walikuwa chini ya miti au nje ya eneo lililopigwa picha, na kiangazi si majira yaleyale ambayo ndege zilizoea kuhesabu. Basi ama njia ya zamani ilikuwa ikizidisha, ama njia mpya inapunguza, ama nyumbu wamepungua kweli na sisi hatuna habari. Hakuna njia ya kulijua hilo ila kuzipitisha ndege na setilaiti pamoja, juu ya nyanda zilezile, majira yaleyale, mwaka baada ya mwaka, na mtu mwenye subira akae mezani alinganishe picha na picha.